Papi wa mbegu ndogo ndani ya fleti: msosi na choo ni ratiba moja

Kama umechukua mtoto wa mbwa wa hizi mbegu ndogo, Maltese, Chihuahua, Shih Tzu, au hawa Japanese Spitz weupe ambao watu wa Dar wanawapenda sana, nachokuomba kwanza usitenganishe suala la kula na suala la choo. Wengi wanauliza nifanyeje aache kukojoa sebuleni, ukiwauliza anakula saa ngapi unaambiwa chakula kipo tu kwenye bakuli kutwa nzima, anajilia akijisikia. Hapo utapiga deki mpaka uchoke. Tumbo la papi likipokea chakula linaanza kusukuma cha zamani kitoke, mara nyingi ndani ya dakika 5 mpaka 30, kwahiyo ukijua amekula saa ngapi unajua na saa ya kumpeleka, na usipojua unabahatisha.

Naandika nikimfikiria mtu wa fleti, Sinza au Upanga huko, ghorofa ya 2 au ya 3, hana uwanja, ana kibaraza tu cha kuanikia nguo. Mwenye uwanja ana unafuu lakini ratiba ni ile ile.

Umri kwanza. Asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kuna wauzaji wanaachia hata wa wiki 5 kwa sababu akiwa mdogo hivyo anavutia zaidi, na anayeumia ni mtoto: hajazoea kula peke yake, hajafundishwa na ndugu zake kwamba kuuma kunauma, na sukari yake mwilini haijatulia. Hili la sukari naomba ulisome mara mbili maana ndo linaondoa papi wengi wa mbegu ndogo na wenyewe wanabaki kusema karogwa. Mbwa mkubwa akiruka mlo analalamika tu, ila huyu wa kilo 1 hana akiba, ini dogo, misuli kiduchu, akikaa masaa mengi bila kula au akiwa na minyoo au amepigwa na baridi au watoto wamecheza naye kupitiliza, sukari inashuka. Utamuona ghafla amepoa, anayumba kama mlevi, kichwa kinaning'inia, anatetemeka, ukimfunua mdomo fizi zimepauka badala ya kuwa za pinki. Ukiona hivyo usianze kupika uji. Chukua asali, au glukosi, au hata sukari ya kawaida ikoroge na maji kidogo iwe nzito, mpake kwa kidole kwenye fizi kidogo kidogo, usimmiminie kooni kwa sababu akiwa hajitambui itaenda kwenye mapafu, mfunge taulo apate joto alafu nenda kwa daktari wa mifugo hata kama ameshainuka na anatingisha mkia. Asali iwepo ndani siku zote.

Sasa ratiba yenyewe. Mpaka afike miezi 3 ale mara 4 kwa siku, miezi 3 mpaka 6 mara 3, baada ya hapo mara 2. Kwa milo minne mimi napenda saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku, wewe unaweza kusogeza kulingana na kazi yako ila usibadilishe kila siku. Weka bakuli, mpe kama dakika 15 au 20, akiacha toa. Maji usimnyime, joto la Dar si mchezo, maji yawepo kutwa. Na akikataa milo miwili mfululizo akiwa chini ya miezi 4 usiseme anadeka, huyo anaumwa, mpeleke. Yule mdogo kabisa ambaye hajafika kilo 1 mpe na kijiko kimoja viwili usiku wa manane pale unapoamka kumpeleka kukojoa, maana kutoka saa 3 usiku mpaka alfajiri kwake ni mbali mno.

Ale nini? Ushauri wangu kwa miezi ya mwanzo ni chakula kikavu cha mfuko kilichoandikwa cha watoto wa mbwa, na ukipata cha mbegu ndogo ndo vizuri zaidi kwa sababu punje zake ni ndogo meno yale yanazimudu na kijiko kimoja kina nguvu nyingi, tumbo lake halibebi mzigo. Nyuma ya mfuko kuna jedwali la uzito, lifuate, mpime papi kila wiki kwenye mzani wa jikoni na ukipitisha vidole ubavuni uzisikie mbavu bila kuzitafuta sana. Wiki ya kwanza endelea na kile alichokuwa anakula kwa muuzaji hata kama wewe hukipendi, alafu ndo uanze kuchanganya, robo kipya, nusu, robo tatu, mpaka kipya kitupu ndani ya siku 7 mpaka 10. Ukibadilisha ghafla anaharisha, na mtoto anayeharisha humfundishi choo, anakuwa hana uwezo wa kubana. Kile chakula cha kupimiwa kwa kilo kwenye mfuko usio na tarehe mimi sikishauri, hujui kimefunguliwa lini na hali ya hewa yetu hii ya joto na unyevu mafuta yake yanachacha haraka. Nunua mfuko mdogo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kama uwezo wa mfuko hamna, kuku wa kuchemsha bila chumvi na bila kitunguu, mfupa umetolewa wote, wali laini, karoti au boga lililopondwa, na dagaa waliooshwa mchanga vizuri, vitamsogeza, ila muulize daktari akupe cha kuongezea kwa sababu nyama na wali peke yake havina kalsiamu ya kutosha na mifupa ya mtoto inapinda. Ugali wa pumba wanaopikiwa mbwa wa mlinzi usimpe huyu. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanaota sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa haliiwezi kabisa hiyo sumu. Maziwa ya ng'ombe nayo kwa wengi ni kuharisha tu.

Na mabaki ya mezani jamani. Pilau ina kitunguu na saumu, mchuzi una kitunguu, maharage yameungwa kwa kitunguu, na kitunguu kinapasua chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu kavu za kwenye keki zinaweza kuua figo. Chokoleti hapana, na pipi au jojo zisizo na sukari zenye zailitoli, kitu kinachotia utamu badala ya sukari, hizo ni hatari ya masaa, sukari ya mwilini inaporomoka hata kwa mbwa mkubwa sembuse huyu. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Tatizo mara nyingi siyo wewe, ni mjomba aliyekuja Jumapili na kumpenyezea chini ya meza, kwahiyo mwambie mgeni mapema na kwa heshima kwamba mtoto huyu ana chakula chake.

Twende kwenye choo. Papi wa miezi 2 kibofu chake kidogo mno, hesabu ya kawaida ni umri wa miezi ujumlishe 1 ndo masaa anayoweza kubana, ila hawa wadogo punguza hapo, na akiwa macho anacheza ni kama kila saa moja. Mpeleke akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akiamka mbebe, usimwite atembee mwenyewe, maana ataishia katikati ya korido.

Mahali pa kumpeleka mimi sishabikii sana pedi za dukani za mbwa kukojolea wala magazeti. Zinasaidia, ila papi anajifunza kwa nyayo, anazoea kukojoa juu ya kitu laini cha kitambaa, alafu unashangaa anakojolea zulia na mkeka na taulo la kuogea, kwake vyote ni kitu kimoja. Bora beseni pana la plastiki lenye ukingo mfupi, toboa matundu chini, weka trei ya kukinga, juu yake panga ukoka. Wale jamaa wanaouza maua na miche barabarani wanauza ukoka wa kupanda, chukua kipande kinachoenea beseni, kaweke kibarazani, mwagia maji kila siku, badilisha ukianza kunuka au ukiwa njano. Akizoea majani tangu mwanzo, siku ya kushuka chini hamna somo jipya. Na mazulia yote kunja kwanza mpaka atakapoelewa.

Ukimfikisha kwenye ukoka simama kimya. Usimchezee, usishike simu. Atanusa, atazunguka, atanusa tena, anaweza kukaa akakuangalia tu, we subiri. Akianza kuchuchumaa ndo useme neno lako, "kojoa" au lolote mlilochagua, kwa sauti ya chini, na pale pale anapomaliza, kabla hajanyanyua mguu kuondoka, mpe kipande cha kuku cha ukubwa wa punje ya mahindi na umsifie. Ukisubiri mpaka mmerudi sebuleni ndo unampa, amejifunza kwamba kurudi sebuleni kunalipa. Dakika 5 zikipita hajafanya kitu, mrudishe ndani ukiwa umembeba au kwenye kizimba chake, baada ya dakika 10 jaribu tena. Usimwachie huru kwa sababu hapo ndo anaenda kumaliza nyuma ya kochi.

Kizimba ni rafiki, siyo jela. Kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala tu, kikiwa kikubwa anafanya kona moja choo kona nyingine kitanda. Kiwekwe penye hewa, mbali na dirisha la jua la mchana. Usimfungie masaa mengi kuliko anayoweza kubana, akilazimika kuchafua anapolala mara kwa mara anapoteza ule usafi wa asili na kumrudisha ni kazi. Kama kutwa hamna mtu nyumbani, kwa kweli usichukue papi wa miezi 2, au tafuta mtu wa kumpitia mchana.

Usiku weka alamu, mara moja au mbili kwa wiki za mwanzo. Taa hafifu, hamna maongezi, ukoka, kipande cha kuku, kulala. Ukianza kumbembeleza saa 9 usiku kesho atakuamsha kucheza.

Ajali zitatokea. Ukimkuta katikati ya tendo mnyanyue kimya umpeleke kwenye ukoka amalizie hapo. Ukikuta limeshafanyika zamani, futa tu. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumpiga na kandambili kunamfundisha kujificha, anaanza kukojoa chini ya kitanda na mbele yako hakojoi tena hata kwenye ukoka. Yule anayechuruzisha matone ukirudi nyumbani kwa furaha au ukimwinamia, huyo hata hajui kama amekojoa, ingia kimya, chuchumaa pembeni, wengi wanaacha wakikua. Kufuta, kausha kwanza kwa kubonyeza tambara, alafu siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Dawa yenye amonia usitumie, harufu inafanana na mkojo. Na Jik usiichanganye na siki, wala usiimwage kwenye mkojo mbichi, inatoa hewa inayochoma mapafu yenu wote.

Kaa na watu wa nyumbani mkubaliane. Dada wa kazi ndo anashinda naye, kwahiyo yeye ndo mwalimu mkuu, muelekeze kwa utulivu, ratiba ibandikwe kwenye friji, neno liwe moja, siyo wewe "kojoa" yeye "haya fanya" watoto "susu". Na majirani: kwenye ngazi mbebe mkononi. Jirani Mwislamu akilambwa, kwa wengi wao inabidi aoshe pale mara 7, moja kwa udongo, pengine alikuwa anaelekea kuswali, kwahiyo kumbeba ni ustaarabu.

Kushuka chini kwenyewe kusubiri chanjo. Paavo, kirusi cha kuharisha na kutapika kwa mbwa, inakaa kwenye udongo miezi mingi na papi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache. Chanjo zinaanza wiki 6 mpaka 8, zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16, kichaa cha mbwa kwenye miezi 3, na dawa ya minyoo kama daktari atakavyopanga. Kama alishaelewa alafu ghafla anakojoa kila mara matone matone au kuna damu, usimlaumu, apimwe mkojo.

Daktari akisharuhusu, shuka naye baada ya mlo wa asubuhi ukiwa na kipande cha ukoka wake wa zamani, kiweke kwenye majani ya chini, atanusa ataelewa. Kipindi cha masika wengi wa mbegu ndogo wanagoma kukanyaga majani yaliyolowa, kwahiyo beseni la kibarazani usilitupe. Beba na gazeti la kuokotea choo, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, likunje vizuri ukatupe kwenye pipa la nje, siyo mtaroni.