Kuinua gari la foo-wili kwa jeki nyumbani

Wengi wetu tulijifunza kupiga jeki kwenye gari dogo, kisha tukayahamishia mazoea yale yale kwenye Land Cruiser au Land Rover yenye uzito wa tani 2 na zaidi. Kosa kubwa katika mazoea hayo ni kuamini kwamba gari likishavutwa breki ya mkono na kutiwa gia, halitaondoka lilipo.

Katika Land Rover za zamani, Defender ikiwemo, ngoma ya breki ya mkono haiko kwenye magurudumu, bali imefungwa nyuma ya gia ndogo (gia ya pili inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), pale inapotokea propela ya nyuma, yaani mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Breki hiyo huizuia propela, na magurudumu ya nyuma hutulia ilimradi yote mawili yamekanyaga ardhi. Ukiinua moja tu, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti) huliruhusu lile lililo hewani kuzunguka kinyumenyume, na lile lililobaki chini hupata uhuru wa kubingirika hata kama breki umeivuta hadi mwisho. Kutia gia, au kuweka P (ya kuegesha) kwa gari la otomatiki, hakubadilishi jambo hili, kwa kuwa nako huizuia propela ile ile. Isitoshe, mkono wa gia ndogo ukiachwa kwenye N (yaani huru), gia na P hazishiki kitu chochote. Mimi niliyajua haya uani kwangu, penye mteremko ambao macho hayauoni lakini maji ya mvua huufuata: gurudumu la nyuma lilipoachana na ardhi tu, gari lilisogea mbele kama shubiri moja, na jeki ikalala ubavu. Bahati nzuri mikono yangu ilikuwa bado kwenye mpini.

Kwa hiyo anza kwa kuegesha mahali tambarare, kisha unganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa gari la foo-wili ya kuchagua, tia 4H (foo-wili ya mwendo wa kawaida), na kama lina hubu za kufunga kwa mkono, yaani vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, shuka uzifunge, kwani bila hivyo magurudumu ya mbele yatabaki huru. Kwa gari ambalo foo-wili yake haizimwi, funga difu ya kati (ile iliyo kati ya propela ya mbele na ya nyuma) na uhakikishe taa yake imewaka kwenye dashibodi. Wakati mwingine hukataa kushika mpaka gari lisogezwe kidogo. Baada ya hapo vuta breki, tia gia, zima injini na utoe ufunguo, maana injini ikiwashwa na gia ikashika, magurudumu yaliyo chini yanaweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye jeki.

Hata baada ya yote hayo, kabari ndizo zinazolizuia gari kwa hakika. Weka mbili, mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande wa pili kimshazari na lile unaloliinua, na ikiwa unainua nyuma nzima, zuia magurudumu yote mawili ya mbele. Kipande cha boriti kilichokatwa mshazari kinafaa kuliko jiwe, kwa sababu jiwe la duara hubingirika pamoja na tairi.

Ikiwa ardhi ni mchanga, udongo au vitofali, tandika chini ya jeki ubao mgumu wenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande na unene wa sentimita 5. Usitumie tofali, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Legeza nati kwa nusu mzunguko wakati tairi bado limekanyaga chini. Kwenye gari lenye ekseli nzima, kama ilivyo nyuma ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, jeki ya chupa huwekwa chini ya bomba la ekseli karibu na springi, na gurudumu hunyanyuka mara moja. Ukiliinua kwa chesisi utapampu sana bure, kwa sababu springi ndefu za magari haya huliacha gurudumu likining'inia chini huku bodi ikipanda. Mbele ya Prado, ambako hakuna ekseli nzima, tafuta sehemu iliyoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, wala usiegemeze jeki kwenye sampu (bakuli la oili) ya injini au fimbo za usukani. Inua polepole, na jeki ikianza kuinama hata kidogo, ishushe upange upya.

Kwa kubadilisha tairi tu, laza tairi la akiba chini ya chesisi wakati gurudumu limetolewa, ili gari likianguka liangukie hapo. Kwa kazi ya kuingia chini ya gari, weka stendi mbili kwenye chesisi au ekseli, shusha uzito wote juu yake, kisha lisukume gari kwa bega kabla ya kuingiza hata mkono. Jeki ya haidroliki huweza kuvuja na kushuka yenyewe bila kutoa mlio.

Ukirudisha gurudumu, kaza nati kwa kuvukana huku likiwa hewani, lishushe, kisha zikaze kikamilifu. Toa kabari mwisho kabisa, rudisha gia ndogo kwenye 2H (magurudumu mawili tu) au fungua difu ya kati, na baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100 zijaribu tena nati kwa spana.