Jinsi ya kujenga tabia isiyokufa wiki ya pili

Mtu anaamua: kuanzia kesho nitasoma, nitafanya mazoezi, nitalala mapema. Wiki ya kwanza mambo yanakwenda, ya pili yanalegea, ya tatu yamekwisha. Kisha anajilaumu kwamba hana nia ya dhati. Mara nyingi nia anayo tele. Alichokosa ni kitu cha kumkumbusha kila siku bila yeye kujilazimisha kukumbuka.

Tabia ni kitendo kilichofungwa kwenye mazingira yake. Asubuhi ukisimama mbele ya sinki, mkono unakwenda wenyewe kwenye mswaki. Hujiulizi kama leo una ari. Ni mahali palepale, wakati uleule, baada ya kitendo kilekile, na ubongo umeviunganisha kwa kurudia. Kwa hiyo kabla ya kufikiria utafanya kiasi gani, tafuta pa kuifunga tabia yako mpya. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Chukua kitu unachokifanya tayari kila siku bila kukosa, chenye mwisho unaoonekana: kurudisha mswaki mahali pake, kufunga mlango ukirudi nyumbani, kuinuka mezani baada ya kula. "Asubuhi" na "nikipata nafasi" ni maneno mapana mno, hayamshiki mtu. Kengele ya simu nayo ni dhaifu, kwa sababu inakukuta popote, hata pale usipoweza kufanya lolote. Unaizima, na baada ya siku chache unaizima bila hata kuisikia. Angalia pia kama kichocheo chako, yaani kitendo hicho ulichokichagua, kinalingana na siku unazozitaka. Ukisema "nikifika kazini", tabia hiyo haina pa kushika siku za mapumziko. Ukipanga kuandika shajara mara baada ya kuosha vyombo, mikono ina maji na daftari liko chumba kingine. Hatua hizo chache zinatosha kukupoteza.

Sasa andika sentensi moja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mpango unaotaja hali mahususi na kitendo chake hutekelezeka vizuri kuliko nia tupu. Kiswahili kimetupa kiungo cha kazi hiyo hasa, *nikisha*: "Nikisharudisha mswaki mahali pake, nitachuchumaa na kuinuka mara 5, hapohapo bafuni." Linganisha na "nitafanya mazoezi zaidi". Ya kwanza unajua sekunde ya kuanza. Ya pili hujui hata siku.

Kiasi kiwe kile unachokiweza siku yako mbaya kuliko zote, umechoka na mafua juu. Kurasa 2, sentensi 3, dakika 2. Watu huona haya kuanza na kidogo namna hii, na haya hiyo huwagharimu. Siku ukiwa na nguvu, zidisha upendavyo, lakini deni la lazima libaki lilelile kwa wiki 3 za mwanzo. Ukiruhusu kurasa 20 ziwe kipimo, siku utakayoweza 2 tu utaona si kitu na utaacha kabisa.

Tuchukue kusoma kabla ya kulala. Kitabu kikae juu ya mto, alamisho ndani, ili usiweze kulaza kichwa bila kukishika. Waya wa kuchajia simu uhamie chumba kingine na ubaki hukohuko. Tatizo litajitokeza kesho yake: usiku kitabu kiliwekwa chini kando ya kitanda, na kitabaki sakafuni. Ndiyo maana unahitaji sentensi ya pili: "Nikishatandika kitanda, nitarudisha kitabu juu ya mto." Ya asubuhi ndiyo inayoibeba ya usiku.

Itachukua muda gani? Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zinatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa anapima tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12: makadirio yao ya muda wa tabia kuzoeleka yalianzia siku 18 hadi 254, na mtu wa katikati alihitaji siku 66 hivi. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Jipe wiki 10, na usishtuke ikizidi. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo ukikosa, kesho fanya kiasi kilekile. Usilipe fidia, kurasa 4 za adhabu huifanya tabia iwe ya kuogopwa.

Tundika kalenda ya karatasi, weka alama kila siku uliyofanya. Siku uliyokosa, andika neno moja tu: "nilisahau" au "nilikumbuka". Haya mawili ni magonjwa tofauti. Ukiwa na "nilisahau" mara 3 kwa wiki, kichocheo hakifai. Kibadilishe, kiasi usikiguse. Ukiwa na "nilikumbuka" lakini hukufanya, kiasi ni kikubwa au kuna kizuizi njiani: kalamu haipo, viatu viko kabatini. Punguza kwa nusu au ondoa kizuizi. Wengi hufanya kinyume, wanajikaripia waongeze bidii pale ambapo shida ni kalamu.

Tabia unayotaka kuiacha hufuata kanuni hiihii kwa upande wa pili. Tambua kinachoiamsha, weka kitendo kingine mahali pake, na uisogeze mbali na mkono.

Ukisafiri, sinki, mto na kalenda vyote vinabaki nyuma. Kabla ya kufunga begi andika sentensi ya safari yenye kichocheo utakachokikuta huko, na kiasi kipungue zaidi. Ukirudi, rudia sentensi ya zamani usiku uleule wa kwanza, kabla hujafungua mizigo.