Namna ya Kufuatilia Ligi ya Besiboli ya Cape Cod kwa Msimu Mzima

Ligi ya besiboli ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ni ligi ya ridhaa inayochezwa kila majira ya joto na wanafunzi wa vyuo vikuu, na wengi huifahamu kwa sababu ya nyota waliopitia huko kabla ya kuingia katika besiboli ya kulipwa. Mgeni anayetaka kuifuatilia ipasavyo namshauri achague mji kwanza, aifuate timu ya mji huo, na wachezaji awafahamu kupitia timu. Vikosi hubadilika karibu vyote kila mwaka, na mtu aliyefunga safari kwa ajili ya jina moja lililosifiwa huenda akakuta mwenye jina ameshaondoka.

Timu ni kumi. Kundi la mashariki lina Brewster, Chatham, Harwich, Orleans na Yarmouth-Dennis, na kundi la magharibi lina Bourne, Cotuit, Falmouth, Hyannis na Wareham. Miji hii imekaribiana kiasi kwamba mtu mwenye gari anaweza kuona timu zote kumi ndani ya wiki moja, ila Wareham iko ng'ambo ya mfereji wa Cape Cod, upande wa bara, na kuna madaraja mawili tu ya magari yanayouvuka mfereji huo, la Bourne na la Sagamore. Mwisho wa juma wakati wa kiangazi foleni za hapo ni ndefu, hivyo anayefikia upande wa mashariki asipange kwenda Wareham siku ya Jumamosi kama ana nafasi siku za katikati ya wiki.

Ukitaka kusoma rekodi za zamani, ujue kwamba ligi ilipangwa rasmi mwaka 1923, ikasimama mwishoni mwa miaka ya 1930, ikafufuliwa mwaka 1946 baada ya vita, na tangu mwaka 1963 imekuwa ya wanafunzi wa vyuo. Ujue pia kwamba timu tatu zilibadilisha majina karibu na mwaka 2009, baada ya ligi kuu ya kulipwa kusimamia haki ya majina ya klabu zake: Orleans Cardinals wakawa Firebirds, Hyannis Mets wakawa Harbor Hawks, na Chatham A's wakawa Anglers. Asiyelijua hili hudhani timu zilivunjwa na nyingine kuundwa, kumbe ni zilezile.

Katika kuchagua timu, uwanja una uzito kuliko msimamo wa mwaka uliopita. Eldredge Park wa Orleans una mteremko uliokatwa ngazi, ambako wenyeji hutandika mablanketi na kupanga viti mapema asubuhi, na kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa kumfundisha mtu mchezo huu, kwa kuwa ukiwa pale juu unaiona safu yote ya ulinzi ikisogea. Lowell Park wa Cotuit umezungukwa na miti na hauna taa. Hali kadhalika uwanja wa Brewster na ule wa Yarmouth-Dennis havina taa, kwa hiyo mechi zake huanza mapema, aghalabu saa kumi na nusu au saa kumi na moja jioni, wakati viwanja vyenye taa huanza saa kumi na mbili au saa moja usiku. Chatham taa zipo, lakini ukungu wa baharini huweza kuingia katikati ya mchezo na kuusimamisha kabisa. Kila siku ya mechi angalia ratiba upya kabla ya kuondoka.

Tiketi haziuzwi katika mechi za kawaida. Watu wa kujitolea hupita katikati ya watazamaji wakikusanya michango, na ni vyema ukachanga kwa ukarimu, maana timu hizi haziendeshwi kwa faida, na hata malazi ya wachezaji hutolewa na familia za mji zinazowapokea majumbani kwa msimu mzima. Baadhi ya timu huomba mipira iliyopigwa nje ya mistari irudishwe. Watoto huikimbilia kwa furaha, na mgeni akiuokota mpira aurudishe vilevile.

Jambo la kuliangalia kuliko yote uwanjani ni gongo la kupigia mpira. Katika mashindano ya vyuo vikuu wachezaji hutumia magongo ya chuma chepesi, lakini ligi ya Cape Cod ilirejea kwenye magongo ya mbao mwaka 1985, na uamuzi huo ndio ulioifanya kuwa kipimo kinachoaminiwa na maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu za kulipwa. Gongo la chuma lina uwazi ndani, na ukuta wake hubonyea kidogo na kurudi pale mpira unapogusa, hivyo mpira huruka kwa kasi hata usipopigwa sawasawa. Mbao haisamehe. Eneo lake la kupigia vizuri ni dogo, na mpira unaoingia karibu na mikono ya mpigaji, ambao kwa gongo la chuma ungeweza kuanguka salama nyuma ya walinzi wa ndani, kwa gongo la mbao hudondoka mbele yao au hulivunja gongo lenyewe.

Matokeo yake huonekana kwa warushaji pia. Kijana ambaye chuoni alizoea kurusha mbali na mpigaji kwa hofu ya kuadhibiwa hugundua hapa kwamba anaweza kurusha ndani, karibu na vidole, na kupata faida. Kwa hiyo kaa karibu na nyuma ya mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji, wanakokaa maskauti na vipima kasi vyao, na kwa kila mpigaji andika mambo mawili katika daftari: mpira ulikuja upande gani, na ulipigwa kuelekea wapi. Mpigaji anayechelewa mwezi Juni, kila mpira ukienda upande wa uwanja usio wake wa kawaida, halafu mwezi Julai akaanza kuikuta mipira ya ndani mapema, amejifunza jambo ambalo wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zake zilizozaa mpigo salama, hautakuonyesha waziwazi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuambatana na timu moja, kwa kuwa mabadiliko hayo hayaonekani kwa mechi moja.

Wala usiwadharau wapigaji walioanza vibaya. Thurman Munson alipiga kwa wastani wa .420, yaani mipigo salama 42 kwa kila zamu 100, akiwa na Chatham mwaka 1967, lakini wastani wa namna hiyo ni nadra sana, na wengi huhangaika wiki za kwanza. Miongoni mwa waliowahi kuchezea ligi hii ni Carlton Fisk, aliyekuwa Orleans mwaka 1966, Craig Biggio wa Yarmouth-Dennis mwaka 1986, Frank Thomas wa Orleans mwaka 1988, na Aaron Judge wa Brewster mwaka 2012.

Kikosi unachokiona siku ya kwanza katikati ya Juni si kikosi kamili. Fainali za vyuo vikuu huendelea hadi karibu na mwisho wa mwezi huo, na hadi hapo nafasi za wanaozicheza hushikwa na wachezaji wa muda, ambao baadhi yao hucheza vizuri kiasi cha kubakizwa. Aidha, tangu mwaka 2021 uteuzi wa wachezaji wa ligi kuu, ambapo klabu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu, hufanyika Julai, katikati ya msimu huu, na baadhi ya waliochaguliwa huondoka kwenda kusaini mikataba. Kwa sababu hiyo hifadhi orodha ya kikosi kwa penseli, na uirekebishe kila wiki.

Katika msimamo, timu hupata pointi mbili kwa ushindi na pointi moja kwa sare. Sare zipo, jambo linalowashangaza waliozoea besiboli ya kulipwa, kwani giza au ukungu huweza kuumaliza mchezo kabla mshindi hajapatikana. Timu nne za juu za kila kundi huingia katika mtoano mwanzoni mwa Agosti, na kila hatua huamuliwa kwa ushindi wa mechi mbili kati ya tatu. Wakati huo ratiba hupangwa siku hadi siku: mechi ya leo ikiisha usiku, ndipo hujulikana kama kesho kuna mechi ya tatu, hivyo usikubali miadi mingine jioni yoyote ya wiki hiyo.