Kutoa Dume la Farasi wa Kazi Mwenye Nasaba kwa Wafugaji wa Vijijini: Hatua kwa Hatua

Msimu wangu wa kwanza wa kutoa dume, yaani kumruhusu apande majike ya wafugaji wengine kwa ada, nilipandisha majike 19, wakazaa 7. Dume alikuwa mzima, karatasi zake safi, miguu yake ya kupendeza. Kosa lilikuwa langu: nilijua ukoo wa dume kwa kichwa, lakini majike sikuwa nawajua. Mkulima aliyesafirisha jike lake, akamlisha na kumngoja miezi 11, haulizi babu wa dume alikuwa nani. Anauliza mtoto yuko wapi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwa na jibu.

Hatua ya 1: Hakikisha karatasi ni za farasi huyo huyo

Vyama vya farasi wa kukokota vimetunza madaftari ya nasaba kwa muda mrefu. Vyama vya farasi aina ya Clydesdale na Suffolk vilianzishwa mwaka 1877, cha Shire mwaka 1878, na daftari la Percheron la Ufaransa lilifunguliwa mwaka 1883. Kwa hiyo dume wa kweli ana mstari wa wazazi unaoweza kufuatwa nyuma vizazi vingi. Cheti hicho hakina faida kama si cha farasi uliyemshika.

Niliwahi kununua dume ambaye cheti chake kilisema mguu wa nyuma wa kushoto ni mweupe hadi kwenye goti. Farasi aliyesimama mbele yangu alikuwa na weupe unaoishia juu kidogo ya kwato. Nilijiambia mwandishi alikosea. Kipimo cha vinasaba kilipokuja, baba aliyeandikwa hakuwa baba yake, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeweza kusajiliwa.

Basi fanya hivi kabla ya kulipa: soma maelezo ya cheti ukiwa umesimama kando ya farasi, baka moja baada ya jingine, pamoja na mizunguko ya nywele kwenye paji la uso na shingoni. Soma chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi kama anayo. Halafu ng'oa nywele 20 hadi 30 za shingoni, zikiwa na mizizi yake (za kukatwa kwa mkasi hazifai), zipelekwe maabara kulinganishwa na wazazi.

Hatua ya 2: Mpime kabla ya kumtangaza

Vipimo ni vya aina tatu, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwanza, magonjwa ya kurithi. Farasi wa Kibelgiji wana ugonjwa wa ngozi ambao mtoto huzaliwa na vidonda, kwato zikaachia, akafa ndani ya siku chache. Dume mwenye nakala moja ya jeni hiyo haonyeshi dalili yoyote, lakini akikutana na jike ambaye naye ana nakala moja, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuwa mgonjwa. Kwa Wabelgiji na Percheron pima pia ugonjwa wa misuli wa kuhifadhi sukari vibaya, unaomfanya farasi akakamae akianza kazi. Huo hurithiwa hata kwa nakala moja, nami dume mwenye nao simtoi. Uvimbe sugu wa miguu, unaowapata zaidi Shire, Clydesdale na Wabelgiji, utaupata kwa mikono: ingiza vidole ndani ya manyoya ya miguu ukitafuta mikunjo minene na mabonge. Manyoya marefu huficha mengi.

Pili, maambukizi ya uzazi. Dume anaweza kubeba bakteria wa homa ya kizazi ya farasi bila yeye kuumwa, akawaambukiza majike wote wa msimu. Daktari wa mifugo achukue sampuli kwenye uume na kwenye mfereji wa mkojo, na damu ipimwe anemia ya kuambukiza, homa ya mishipa na durini (ugonjwa wa farasi unaoenezwa kwa kupandana). Fuata sheria ya nchi yako, kwa sababu baadhi ya magonjwa haya lazima yaripotiwe.

Tatu, shahawa. Daktari huchukua mara mbili, zikipishana saa moja, akaangalia wingi, mwendo na umbo la mbegu. Na kumbuka hili: mbegu ya farasi huchukua takribani siku 57 kutengenezwa. Dume aliyepata homa kali anaweza kuonekana amepona kabisa, ana hamu, anapanda vizuri, na bado asitungishe mimba kwa karibu miezi miwili. Akiugua karibu na msimu, pima upya.

Hatua ya 3: Amua atakaa nyumbani au atazunguka

Huko Uskoti, katika karne ya 19, vyama vya wakulima vya wilaya vilikuwa vinakodi dume kwa msimu mzima, na saisi (mtunza farasi) akatembea naye kwa miguu kutoka shamba hadi shamba kwa ratiba ya wiki. Ulikuwa mpango mzuri, na bado unafaa pale ambapo wenye majike mmoja mmoja wametawanyika. Tatizo lake ni wakati: joto la jike, yaani siku anazokubali dume, halingoji siku yako ya zamu. Kama majike wanaweza kuletwa, mimi hupendelea dume akae mahali pamoja.

Kwa idadi, dume wa miaka 3 mpe majike 10 hadi 15. Aliyekomaa, anayepandishwa kwa kushikwa, anaweza kuhudumia 40 au zaidi kama shahawa zake ni nzuri. Apande mara moja kwa siku, mara mbili ikilazimu, na apumzike siku moja kwa wiki.

Hatua ya 4: Andika masharti

Gawa ada mara mbili: sehemu ndogo ya kushika nafasi, na iliyobaki baada ya mimba kuthibitishwa. Andika maana ya "mtoto hai": aliyesimama na kunyonya. Andika nani analipa malisho, nani anamlipa daktari, nani anabeba hasara jike akiumia, na kama akikosa mimba atarudi bure mwaka unaofuata. Yote yawe kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mwenye jike, na kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 5: Tangazo

Picha ya ubavuni kwenye ardhi tambarare, ya mbele, ya nyuma, ya kwato kwa karibu, na moja akiwa kwenye hatamu anavuta mzigo. Taja urefu uliopimwa, si wa kukisia. Weka matokeo ya vipimo na idadi ya watoto wake waliozaliwa. Taja na kasoro yake. Dume wangu wa sasa ana mgongo mrefu kidogo, nami nimeliandika hilo, kwa sababu mwenye jike lenye mgongo mrefu anapaswa kwenda kwa dume mwingine. Hakuna anayependa kununua mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 6: Kumpokea jike

Dai cheti cha sampuli ya kizazi kabla hajashuka kwenye gari. Ondoa viatu vya kwato za nyuma. Mtenge na farasi wengine.

Wengi wenye majike wadogo wa shamba huogopa kwamba mtoto wa dume zito atamshinda mama kuzaa. Jaribio la watafiti Walton na Hammond, lililochapishwa mwaka 1938, linajibu vizuri: walichanganya Shire, farasi wakubwa sana, na Shetland, farasi wadogo sana, na mtoto aliyebebwa na mama mdogo wa Shetland alizaliwa akiwa na ukubwa wa karibu na mtoto wa Shetland wa kawaida. Kizazi cha mama ndicho kinachoweka mpaka. Hatari kubwa zaidi kwa jike mdogo iko kwenye kupandwa kwenyewe, nami nitaieleza kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 7: Kulijua joto

Hapa ndipo nilipopoteza wale watoto 12 wa msimu wangu wa kwanza.

Mzunguko wa jike ni kama siku 21, na joto huchukua siku 5 hadi 7. Yai hushuka mwishoni, ndani ya saa 24 hadi 48 kabla joto halijaisha, na haliishi hata siku moja. Mbegu za dume zuri hukaa hai siku mbili au zaidi. Kwa hiyo mbegu ndizo zinazotangulia kulingoja yai. Nilikuwa nampandisha jike siku ya kwanza aliyokubali, naridhika, namrudisha kwao. Yai likashuka siku nne baadaye, hakuna kitu.

Mlete dume kila siku upande wa pili wa ubao imara, jike naye ashikwe. Mwenye joto huinua mkia, huchuchumaa kidogo, hukojoa kidogo kidogo, na midomo ya uke hufunguka na kufumba. Andika kila siku, hata kama hakuna kitu. Anza kumpandisha siku ya pili au ya tatu, kisha kila baada ya siku moja hadi akatae. Kama kuna daktari mwenye ultrasaundi, apime kifuko cha yai. Majike wa kukokota mara nyingi huwa na vifuko vikubwa kuliko farasi wepesi, kwa hiyo vipimo vya farasi wa mbio visikuharakishe.

Kuna jike mmoja wa kijivu aliyekuwa anapiga kelele na kurusha mateke kila alipomwona dume. Mwenyewe akasema, "Huyu hana joto mwaka huu." Siku moja dume alisharudishwa bandani, mimi nikabaki nafunga lango. Dakika chache baadaye yule jike, peke yake, akageuza kichwa kule alikoenda dume, akapanua miguu ya nyuma na kuinua mkia. Tangu hapo huwa siondoki upesi. Jike mwenye mtoto naye huficha joto kwa hofu ya mtoto, kwa hiyo mtoto ashikwe mahali anapoonekana.

Hatua ya 8: Kupandisha

Watu wawili wazoefu, kofia ngumu, glavu, ardhi kavu isiyoteleza. Dume mwenye kilo 900 akiteleza, hakuna anayeweza kumzuia.

Funga mkia wa jike kwa bandeji, mwoshe kwa maji safi, mkaushe. Saisi wote wawili wasimame upande wa kushoto. Dume aje kwa ubavu, si moja kwa moja kutoka nyuma, na asiruhusiwe kupanda kabla hajawa tayari. Kama jike ni mdogo, msimamishe sehemu iliyoinuka kidogo, na wakati dume anapanda mtu aweke mto mrefu wa mviringo kama gogo, mnene kama sentimita 12, uliofunikwa kwa mfuko safi, juu ya uume chini ya mkia. Mto huo huzuia uume kuingia mno na kuchana uke.

Mkia wa dume ukipanda na kushuka kwa mpigo, ametoa. Akishuka, wote wawili mgeuze vichwa vya farasi kuelekea kwenu, ili miguu ya nyuma ya jike iende mbali na dume.

Hatua ya 9: Kupima mimba

Siku ya 14 hadi 16, ultrasaundi. Usiiruke, sababu kubwa ni mapacha: mimba ya mapacha kwa farasi huishia mara nyingi kutupwa, na daktari anaweza kuondoa pacha mmoja kwa urahisi kabla ya siku ya 16. Rudia siku ya 28 na ya 45. Pasipo ultrasaundi, mrudishe mbele ya dume kuanzia siku ya 17.

Hatua ya 10: Karatasi za mtoto

Siku jike anaondoka, mpe mwenyewe cheti cha kupandishwa chenye tarehe zote, jina na namba ya dume, na sahihi yako. Hesabu naye siku 340 kutoka tarehe ya mwisho, mwonyeshe kwenye kalenda, na mwambie kuzaa wiki tatu mapema au baadaye si ajabu. Mtoto akizaliwa, nenda ukamwone ukiweza. Chora mabaka yake angali mdogo, chukua nywele zenye mizizi, tuma maombi ya usajili kabla ya tarehe ya mwisho ya chama, kisha andika kwenye daftari lako: jina la mama, tarehe, jinsia, saa aliyosimama, saa aliyonyonya.