Yaji: Viungo vya Suya vya Kutengeneza Nyumbani

Yaji ni mchanganyiko wa viungo wa Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, na ndio unaoipa suya, yaani nyama yao ya kuchoma, ladha yake. Msingi wake ni kulikuli, yaani mashudu ya karanga yaliyokamuliwa mafuta na kukaangwa. Ukikosa, tumia karanga.

Kaanga gramu 150 za karanga bila mafuta mpaka zibadilike rangi kidogo, menya, kisha ziache zipoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: karanga za moto, au mashine iliyozungushwa mfululizo, hutoa siagi badala ya unga. Saga kwa sekunde 2 au 3, simama, koroga, rudia. Funga unga kwenye kitambaa safi, ukamue kwa nguvu. Kitambaa kikilowa mafuta, uko sawa. Vunjavunja mabonge kwa vidole.

Changanya na kijiko kikubwa 1 cha tangawizi ya unga, 1 cha pilipili kali ya unga, na vijiko vidogo 2 vya vitunguu vya unga na 1 cha chumvi. Viungo vyote viwe vikavu. Tangawizi mbichi italeta ukungu.

Kata nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta vipande vyembamba sana, ipake mafuta ya karanga, igandamizie yaji, ikae saa 1. Choma kwenye makaa yasiyo na mwali, kwani karanga huungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva. Nyunyiza yaji nyingine mwishoni, pamoja na vitunguu vibichi.