Somo: kupiga hesabu ya bekapu ili laini ikikatika wateja wasijue

Wakuu habari za baridi. Wengi wenye vimtandao vya intaneti vya mtaani bekapu, yaani nafasi ya akiba kwenye laini zinazounga vituo vyetu, tunanunua kwa kukisia. Mfano wangu ni vituo vitatu vya huku Mbeya, Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi, vimeungwa pembetatu, namba ni za kufundishia tu.

Kwanza pima mzigo, yaani data inayopita kila laini, saa mbili mpaka nne usiku, watu wako kwenye mpira na video, ukipima asubuhi unajidanganya. Tuseme Mwanjelwa–Uyole Mbps (megabiti kwa sekunde) 400, Mwanjelwa–Mbalizi 300, Uyole–Mbalizi 100.

Pili kata laini moja moja, kwenye karatasi lakini. Ikifa Mwanjelwa–Uyole zile 400 zinazungukia Mbalizi, kwa hiyo laini mbili za huko kila moja iwe na nafasi ya 400. Ikifa Mwanjelwa–Mbalizi, 300 zinapita Uyole. Ya mwisho ikifa ni 100 tu zinapitia Mwanjelwa.

Tatu, hapa ndo hela inapotea. Laini ya Mwanjelwa–Uyole siku moja itaombwa 300, siku nyingine 100, mtu anajumlisha anaweka 400. Usijumlishe, chukua kubwa, maana hatutegemei hizo ajali mbili kwa wakati mmoja! Ukifanya hivyo kote akiba ni 300, 400 na 400, jumla 1,100, ukijumlisha inafika 1,600.

Nne hakikisha njia ni mbili kweli. Mi nililipia watoa huduma wawili kumbe faiba zao zimelala mtaro mmoja, kijiko cha barabara kikachimba mara moja zikaondoka zote. Tembea njia kwa miguu, darajani hasa.

MASWALI

Mkuu zikikatika mbili kwa mpigo?
Pembetatu haikuokoi, kituo kimoja kinabaki kisiwa hata uweke uwezo wa kujaza ziwa. Na inatokea, Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika pamoja baharini, si tulikaa wote tunaangalia simu.

Kaka, mtaji haufiki hapo.
Basi amua leo nani abaki hewani, zahanati na mawakala wa pesa kwanza, video zisubiri, na uiseti kwenye ruta kabisa, usingoje siku ya msiba.

Mi naunga vituo kwa redio za kurusha intaneti hewani, sio waya, ukungu wa huku hausumbui?
Ukungu sio sana, mvua ndo shida, masafa ya GHz 10 kupanda inayala. Kwa hiyo redio ya GHz 60 usiipe bekapu ya GHz 60 nyingine, mvua ni ile ile, weka ya GHz 5 hata kama ni ndogo.