Mtama wa kiwandani: mnunuzi aulizwe kabla jaribio halijapandwa

Majaribio mengi ya mbegu huanza na swali moja: aina ipi inatoa magunia mengi kwa ekari? Kwa mtama wa ugali na uji swali hilo linaweza kutosha. Kwa mtama wa kiwanda cha bia halitoshi, na kisa cha Gadam nchini Kenya kinaonyesha kwa nini.

Gadam ni mtama mfupi wenye asili ya Sudan, unaokomaa kwa takriban miezi mitatu. Uliidhinishwa Kenya miaka ya 1990, lakini ulipata soko kubwa baadaye, kiwanda kilipoanza kuutafuta kwa ajili ya bia ya Senator. Mavuno peke yake hayakuupa nafasi hiyo. Punje zake zina kiasi kidogo cha tanini, kemikali ya asili ya mmea, na tanini ikizidi huvizuia vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Sukari ikikosekana, hamira haina cha kuchachusha.

Tatizo ni kwamba tanini hiyohiyo ndiyo uchungu unaomkera ndege. Punje anayoipenda mtengeneza bia, kwelea, ndege mdogo mla nafaka, naye anaipenda. Mkulima wa Tharaka au Kitui atataka kujua nani ataamia ndege tangu punje zikiwa na maziwa hadi siku ya kuvuna, hasa watoto wakiwa shuleni. Kwa hiyo daftari la jaribio liwe na safu ya saa za kuamia na malipo ya kibarua, pembeni mwa safu ya kilo. Bila hesabu hiyo, aina inayong'ara kwenye ripoti inaweza kumtia mkulima hasara.

Msimu haujaanza, keti na mnunuzi na mpate masharti yake kwa maandishi na kwa tarakimu. “Mtama safi” si sharti. Unyevu usiozidi asilimia 13 ni sharti, na kikomo cha sumukuvu vilevile. Uliza pia kiasi cha takataka na punje zilizovunjika anachokubali, na atapima kwa kifaa gani. Viongozi wa chama cha ushirika wawepo, maana mzigo ukikataliwa getini ni wao watakaoulizwa.

Rangi ya punje isikudanganye. Zipo nyekundu zisizo na tanini. Kwaruza punje kwa wembe: ukiona tabaka jeusi au la kahawia kati ya ganda na wanga, kuna uwezekano mkubwa tanini ipo. Fanya hivyo kwa punje kadhaa kutoka kila gunia, kwa sababu mbegu iliyochanganyika na za kienyeji ni balaa ya kawaida. Sampuli ya jaribio nayo ifike kiwandani ichachushwe, isiishie kwenye mizani ya kituo.

Si kila lalamiko la kiwanda linahitaji mbegu mpya. Mawe kwenye gunia hutokana na kupura juu ya ardhi tupu. Turubai itamaliza kazi ambayo mradi wa miaka mitano hautaigusa. Kabla ya kuomba fedha, jiulize kama tatizo ni la utafiti, la ugani au la biashara.

La biashara halitatuliwi shambani. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa nusu ya msamaha wa ushuru wa bia ya Senator. Mauzo yaliporomoka, na mahitaji ya mtama yakashuka nayo, ingawa mbegu ilikuwa ileile. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilirejeshwa mwaka 2015. Ndiyo maana napendelea mpango wa utafiti usiotegemea mnunuzi mmoja: aina inayojaribiwa kwa bia ipimwe pia kwa unga na chakula cha kuku, ambako tanini kidogo ni sifa vilevile.

Mwisho, kubalianeni mapema ni matokeo gani yatasimamisha jaribio, na nani atazalisha mbegu likifaulu. Mzalishaji wa mbegu akitafutwa baada ya aina kupitishwa, msimu mzima au zaidi hupotea, na kiwanda hakisubiri. Kitaagiza nafaka kwingine.